Ghafla ya dereva: macho yako barabarani, akili iko wapi?

Mwaka juzi nilikuwa natoka Morogoro kurudi Dar, mpwa wangu amekaa kiti cha mbele. Tulikuwa tumetoka kwenye kikao cha familia cha kugawana kiwanja, na vikao vya viwanja tunavijua. Njia nzima nilikuwa namjibu kaka yangu kimoyomoyo, safari hii kwa majibu makali na matamu kuliko yale niliyotoa kikaoni. Simu ilikuwa imezimwa, redio vilevile. Mikono yote miwili kwenye usukani, mshale wa mwendo kwenye 80, mkanda nimefunga. Trafiki angenisimamisha asingepata kosa.

Tulipokaribia Ubena Zomozi, mpwa wangu akapiga kelele: "Mjomba, baiskeli!"

Nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Mbele ya boneti alikuwa mzee mmoja anasukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa, anavuka taratibu kama wanavyovuka watu waliobeba mkaa, maana hawana namna nyingine. Tulimpita nyuma kwa upana wa kiganja. Aligeuka akanitazama, hakusema kitu.

"Ametokea ghafla," nikasema, moyo bado unadunda.

"Ghafla wapi, Mjomba? Mimi nimemwona tangu kule mlimani. Nilijua na wewe unamwona."

Nilikuwa naangalia mbele, hilo naweza kuapa. Lakini nilipojaribu kukumbuka barabara kuanzia Mikese mpaka pale, sikupata kitu. Wala lori, wala kijiji. Kaka yangu tu, na kiwanja.

Tangu siku hiyo neno ghafla limenikaa kichwani. Tumelitoa kwenye Kiarabu, na huko maana yake ya asili ni hali ya mtu kutokuwa macho, kusahau kilicho mbele yake. Ndiyo maana ni ndugu wa damu na kughafilika. Kiswahili kimelihamisha: kutoka kwa mtu aliyezubaa, limekwenda kwa kitu kilichomkuta amezubaa. Ajali zetu tunazisimulia kwa neno hilohilo. Mtoto aliingia barabarani ghafla. Lori lilisimama ghafla. Kuna siku ni kweli tupu. Na kuna siku mtoto alikuwa anaonekana tangu kule mlimani, na ghafla ilikuwa ya dereva.

Hiyo ghafla ya dereva ndiyo nataka kuichambua. Tukizungumzia usalama barabarani tunataja mwendokasi, ulevi, uchovu na simu mkononi. Akili iliyotoka ikaacha mwili unaendesha haitajwi sana, kwa sababu haiachi harufu wala alama za matairi.

Kuna ajali moja ya Marekani inayoieleza hali hii vizuri kuliko nadharia yoyote. Tarehe 14 Novemba 2004, basi la kukodi lilikuwa limebeba wanafunzi kwenye barabara ya George Washington Memorial Parkway, mjini Alexandria, jimbo la Virginia. Mbele kulikuwa na daraja la mawe lenye umbo la upinde, yaani liko juu katikati na linashuka pembeni. Basi lilikuwa na kimo cha karibu mita 3.7. Njia ya kushoto ilikuwa na nafasi ya mita 4 kwenda juu; ya kulia, alikokuwa dereva, ilikuwa na mita 3.1 tu. Mabango ya kuonya urefu yalikuwepo kabla ya daraja. Dereva mwenyewe alikuwa amepita njia hiyohiyo siku chache nyuma. Lakini alikuwa anaongea na simu, tena kwa kifaa cha sikioni, mikono iko huru. Alilipiga daraja bila hata kupunguza mwendo, paa la basi likachanwa. Aliwaambia wachunguzi kwamba hakuyaona mabango, na daraja lenyewe hakuliona.

Hebu fikiria: daraja la mawe limekatiza barabara nzima, mchana kweupe, na mtu mwenye macho mazima analiendea moja kwa moja. Bodi ya taifa ya uchunguzi wa ajali za usafiri, NTSB, ilihitimisha kuwa chanzo kilikuwa akili ya dereva kuchukuliwa na mazungumzo. Kosa halikuwa la kushika simu, maana mikono ilikuwa huru.

Kutazama na kuona

Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa sababu kinatenganisha kutazama na kuona. Kutazama ni kazi ya jicho. Kuona kunamalizikia kwenye ubongo, na ubongo hauna nafasi ya kupokea yote yanayoletwa na macho. Unachagua. Ukiwa na kazi nyingine inayoudai, unachagua kidogo zaidi, na ajabu ni kwamba haukupi taarifa ya ulichokikosa. Huoni doa jeusi mahali pa yule mzee wa mkaa. Unaona barabara nyeupe, safi.

Mwaka 1999 wanasaikolojia Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu video ya vijana wanaopasiana mpira, wakawataka wahesabu pasi. Katikati ya video mtu aliyevaa vazi la sokwe anaingia, anasimama katikati, anajipiga kifua, anaondoka. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Wakionyeshwa tena, baadhi yao wanabisha kwamba video imebadilishwa.

Katika Chuo Kikuu cha Utah, David Strayer na wenzake walilileta jambo hili barabarani, au tuseme kwenye mashine ya kuigiza barabara. Waliwafunga madereva vifaa vya kufuatilia macho, kisha wakawaacha waendeshe huku wakiongea na simu bila kuishika. Macho yalitua kwenye mabango kama kawaida. Walipoulizwa baadaye ni mabango gani wameyaona, waliokuwa wakiongea walishindwa kuyatambua kwa kiasi kikubwa zaidi, hata yale ambayo kifaa kilithibitisha kwamba jicho lilitua juu yake.

Huko Hispania, Miguel Ángel Recarte na Luis Nunes hawakutumia mashine, walitumia gari halisi kwenye barabara halisi. Dereva alipopewa kazi ya kichwani, eneo ambalo macho yake yanazungukia lilibana. Aliangalia mbele tu, na vioo vya pembeni na dashibodi vikasahaulika. Kilichobana zaidi ni kazi ya kujenga picha akilini. Kwa hiyo ukiwa unapanga nyumba yako ya Kigamboni chumba kwa chumba, hapa jiko, hapa sebule, jua kwamba picha hiyo inachorwa kwenye ukuta uleule ambao barabara ilipaswa kuonekana.

Kilichoniponza mimi hasa ni mazoea. Mtu anayejifunza kuendesha hawezi kugombana na kaka yake kichwani. Klachi na gia zimemmaliza. Baada ya miaka kumi mikono na miguu inajua yenyewe. Gari linabaki kwenye mstari wake, linafuata kona, linapunguza mwendo kwenye matuta. Akili ikiona haina kazi inakwenda matembezini, na safari inaendelea vizuri mpaka litokee jambo ambalo mazoea hayalijui. Mazoea yanajua kona ya Mikese. Mzee anayevuka na mkaa leo, saa hii, hayamjui.

Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakula mita 22 kila sekunde. Ukichelewa nusu sekunde kuelewa unachokitazama, umeshapita mita 11, karibu urefu wa basi zima, kabla mguu haujagusa breki.

Sheria inaukamata mkono

Jambo hili si geni kama tunavyodhani. Mwaka 1969, miaka minne kabla simu ya kwanza ya kushika mkononi haijapigwa, watafiti watatu wa Cambridge, Uingereza, waliwataka madereva wapitishe gari kwenye nafasi kati ya vizuizi, nyingine pana, nyingine haziwezekani, huku wakijibu maswali kwa simu ya redio. Ustadi wa kushika usukani haukuharibika sana. Kilichoharibika ni uamuzi: walijaribu kupita mahali pasipopitika. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye basi linaloovateki lori huku jingine linakuja mbele anajua kwamba maisha yetu yamebebwa na uamuzi huohuo: nafasi inatosha au haitoshi?

Mwaka 1997 jarida la tiba la New England lilichapisha uchunguzi wa Donald Redelmeier na Robert Tibshirani kuhusu madereva 699 wa Toronto waliopata ajali. Walilinganisha muda wa ajali na kumbukumbu za simu zao. Hatari ya kugonga ilipanda takriban mara nne dereva alipokuwa anatumia simu, na waliotumia vifaa vya kuacha mikono huru hawakuonekana kuwa salama zaidi.

Pamoja na hayo, sheria nyingi duniani zinashughulika na mkono. Uingereza ilipiga marufuku kushika simu tangu tarehe 1 Desemba 2003, ikaruhusu ile isiyoshikwa. Mwaka 2019 kamati ya usafiri ya bunge lao ilisema wazi kwamba ruhusa hiyo inawafanya watu waamini ni salama, ikaitaka serikali ifikirie upya. Kenya imeweka faini ya papo hapo ya shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likiwa kwenye mwendo. Siwalaumu watunga sheria. Simu mkononi inaonekana kwa dirisha. Trafiki hawezi kukusimamisha akasema, "Lete mawazo yako niyakague."

Swali ambalo huulizwa kila mara ni hili: kama kuongea ni hatari, mbona abiria anaongea na dereva toka enzi na enzi? Watu wa Utah walilipima mwaka 2008. Waliwapa madereva kazi rahisi: endesha mpaka njia ya kuchepukia kwenye kituo fulani cha mapumziko, toka. Karibu nusu ya waliokuwa wanaongea na rafiki kwenye simu waliipita njia yao. Waliokuwa na rafiki huyohuyo ndani ya gari karibu wote walitoka sawasawa. Tofauti ni kwamba abiria anaiona barabara. Magari yakisongamana ananyamaza. Anasema, "Si ni hapa?" Aliye kwenye simu yuko jikoni kwake, hajui kwamba unaingia kwenye mzunguko, na ukinyamaza anadhani mtandao umekatika: "Haloo? Haloo? Unanisikia?"

Redio ilionekana haina madhara makubwa kwenye majaribio yale, kwa kuwa haidai jibu. (Mechi ya Simba na Yanga ni habari nyingine. Mimi nimeshaacha.)

Kuna jambo moja zaidi ambalo watu wengi hawalijui. Akili haifungi duka mara tu unapokata simu. Utafiti uliodhaminiwa na taasisi ya usalama barabarani ya AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, mwaka 2015 ulikuta kwamba baada ya kuongea na mifumo ya sauti ya ndani ya gari, kwa ile iliyo mibaya kabisa, umakini ulichukua mpaka sekunde 27 kurudi kamili. Wewe uliyesoma ujumbe kwenye taa za Morocco, Dar, ukaweka simu chini kwa adabu taa ilipogeuka kijani, unavuka makutano ukiwa bado uko kwenye ule ujumbe.

Hesabu ya jioni

Mimi sikuwa na simu. Nilikuwa na kaka. Kuhusu watu kama mimi, watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, waliwahoji madereva 955 waliofikishwa hospitali baada ya ajali, kati ya Aprili 2010 na Agosti 2011: ulikuwa unawaza nini? Zaidi ya nusu walisema mawazo yalikuwa yametangatanga. Hilo peke yake si la ajabu, binadamu ndivyo alivyo. Lakini wale waliokuwa wamezama kabisa, wenye wazo lililowashika shati, walikuwa asilimia 17 ya madereva waliosababisha ajali, na asilimia 9 tu ya wale waliogongwa bila kosa. Na huko Marekani, kamera zilizofungwa ndani ya magari ya madereva zaidi ya 3,500 zilionyesha, katika uchambuzi uliotoka mwaka 2016, kwamba kuendesha ukiwa na hasira, huzuni au machozi kunapandisha hatari ya ajali karibu mara kumi.

Sasa kaa kiti cha mbele cha daladala, saa nne asubuhi, mvua imenyesha, abiria hakuna. Dereva ana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni, na hesabu haijui mvua. Mafuta yake, konda wake, faini ya jana. Simu inaita, ni tajiri: "Umefikisha ngapi?" Anajibu, anakata, anaendelea kutazama mbele. Ninyi nyuma mnaona dereva makini. Kichwani anatoa na kujumlisha.

Watafiti wa uchumi na saikolojia waliwahi kuwapima wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, kabla ya mavuno wakiwa hawana kitu, na baada ya mavuno wakiwa na fedha. Watu walewale, majaribio yaleyale ya akili. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Ukata unachukua nafasi kichwani kama simu inavyochukua. Hao walikuwa mashambani, si kwenye usukani, na sitaki kulazimisha ulinganisho. Lakini nikiwa abiria naona mkataba wa hesabu ni kifaa cha usalama barabarani kilichofungwa kinyumenyume: kimewekwa ndani ya fuvu la mtu aliyebeba roho thelathini.

Nikiishia hapo nitakuwa nimedanganya kidogo, kwa sababu picha si nyoofu. Uchunguzi wa kamera kwa madereva wa malori wa Marekani ulionyesha kwamba kuongea bila kushika simu hakukupandisha hatari, na mara nyingine waliokuwa wanaongea walipata matukio machache zaidi. Wenye kupenda simu hulishika hili kama ngao. Nionavyo mimi, dereva wa lori usiku ana adui mkubwa kuliko mazungumzo, naye ni usingizi; sauti ya mtu inamshika asilale. Isitoshe kamera inaona mkono na jicho, haioni anaongea nini. Kupiga soga za kijiweni na kusikia kwamba mtoto amelazwa vyote vinaandikwa "dereva anaongea". Kumbe akili inaweza kuharibikiwa upande wowote, kwa kujazwa sana na kwa kuachwa tupu.

Marubani walilipia somo hili kabla yetu. Mwaka 1974 ndege ya abiria ilianguka ikijaribu kutua Charlotte, Marekani, watu zaidi ya 70 wakafa. Kinasa sauti kilionyesha marubani walikuwa wanapiga soga za siasa na magari wakati wa kushuka. Mwaka 1981 ikatoka kanuni kwamba chini ya futi 10,000 hakuna maongezi yasiyohusu kazi. Hakuna aliyewakataza kuongea safari nzima. Walichaguliwa vipande. Nasi tuna vipande vyetu: mteremko wa Kitonga, Mikumi katikati ya wanyama, soko lililomwagika barabarani, shule saa nane mchana.

Wajapani wa reli wamechukua njia tofauti, wanaiita shisa kanko. Dereva wa treni hanyamazi. Anaona taa, anainyooshea kidole, anatamka kwa sauti: kijani. Anaangalia kipima mwendo, anakinyooshea kidole, anakitaja. Mgeni anadhani ni kichaa. Majaribio ya taasisi yao ya utafiti wa reli mwaka 1994 yalikuta makosa yanapungua kutoka 2.38 hadi 0.38 katika kila matendo 100. Mdomo hauwezi kutaja taa ambayo akili haijaiona, kwa hiyo mdomo unaiburuta akili mpaka ilipo taa.

Nilikumbuka Japani nilipopanda lori la jamaa yangu mmoja kutoka Makambako, na tukaanza kuteremka Kitonga. Utingo, kijana wa miaka ishirini hivi, alikuwa amelala tangu Mafinga. Akaamka mwenyewe, akashusha kioo, akatoa kichwa nje.

"Kushoto tupu," akasema.

"Nimeona," akajibu dereva.

"Basi linapanda."

"Nimeliona."

"Nyuma kuna semi mbili, ya kwanza ina haraka."

"Aje tu."

Wakaendelea hivyo mpaka chini kabisa. Yote aliyotaja hata mimi nilikuwa nayaona, kwa hiyo tulipofika bondeni nikamuuliza kwa nini anajichosha kumwambia dereva wa miaka kumi na tano vitu vilivyo mbele ya macho yake.

"Nisipomsemesha anaondoka, kaka," akasema, akapandisha kioo na kurudi kulala.